Nabothi Alikuwa na Majirani

Nilikulia katika nyumba ambayo dhuluma ilikemewa kila jioni baada ya taarifa ya habari. Baba alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri upande wetu huu wa Kagera, na pale sebuleni redio yake ilipewa heshima ya pili baada ya Biblia. Mwaka 1977 nilikuwa binti wa miaka 15. Februari habari zilivuka mpaka kutoka Uganda kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum amekufa. Yeye na maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na watu kupotea. Haukupita muda akakamatwa, na tarehe 16 akawa marehemu. Serikali ya Amin ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Baba alizima redio akasema, "Ajali gani hiyo inayochagua askofu?"

Juni ya mwaka huohuo Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam. Shirikisho lao likatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la imani yenyewe, mtu hawezi kujificha nyuma ya neno "siasa". Mkutano huohuo ukamchagua askofu wetu wa Bukoba, Josiah Kibira, kuwa rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Miaka saba baadaye, kule Budapest, makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika yakasimamishwa uanachama kwa kuendelea kukaa mezani na ubaguzi. Nyumbani kwetu tulisherehekea kana kwamba ni sisi tuliopiga kura.

Kwa hiyo mafundisho sikukosa. Nilijua tangu utotoni kwamba Mkristo hanyamazi mbele ya dhuluma. Ila makaburu walikuwa mbali, na hakuna kaburu aliyekuwa shemeji wa mtu kijijini kwetu. Hakuna aliyekaa nami baraza moja la wazee wa kanisa wala aliyenibeba kwenye gari lake nilipovunjika mguu. Hayo ya karibu nilikuja kuyaona baada ya kustaafu ualimu.

Mjane ninayemsimulia jina lake silitaji, ingawa ameniruhusu niandike. Alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na ndiye aliyetuandikia nyimbo kwenye daftari la kwaya, maana alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu mimi niliyefundisha mwandiko maisha yangu yote. Naomba msomaji aukumbuke huo mwandiko.

Mumewe alifariki akiacha kibanja cha migomba na kahawa chenye sehemu mbili. Sehemu ya juu, yenye nyumba na makaburi ya wazee, alipewa na baba yake. Sehemu ya chini, kuelekea bondeni, waliinunua wao wenyewe, mume na mke, kwa jirani aliyekuwa anahamia Mwanza. Hilo nalijua kwa sababu karatasi ya mauziano niliiandika mimi. Enzi hizo aliyetaka karatasi yoyote kijijini alimfuata mwalimu. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji, karatasi juu ya daftari la mahudhurio, na yule mama akafungua pindo la kanga akazihesabu noti mbele yetu. Zilikuwa fedha za kahawa, pamoja na za mabati aliyokuwa amepanga kununua akaahirisha. Muuzaji alizihesabu mara ya pili, akatia sahihi. Tukateremka bondeni, tukapanda milamula, miti ya kuonyesha mpaka.

Katika msiba usharika haukumtupa. Tulileta mchele, maharage na mafuta, vijana wakapasua kuni, kwaya ikakesha. Mchungaji alihubiri vizuri. Sisi Wakristo wa huku, kwa kulia na mtu, hatuna mpinzani.

Siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa kikao. Nakala ya muhtasari wake niliiona baadaye, na kwa kuwa nimesahihisha madaftari ya watoto zaidi ya miaka 30, niliisoma kama mwalimu anavyosoma kazi iliyonakiliwa. Ilikuwa karatasi ya mistari iliyochanwa katikati ya daftari. Majina ya waliohudhuria yalikuwa 11, yote kwa kalamu moja na mkono mmoja, na sahihi zao zililalia upande uleule. Mmoja wa "waliohudhuria" ni baba mdogo ambaye tangu Pasaka alikuwa amelazwa Mwanza. Maamuzi yalikuwa matatu: kaka mkubwa wa marehemu awe msimamizi wa mirathi, kibanja chote ni mali ya ukoo, mjane akae nyumbani na watoto kwa hisani ya ukoo ilimradi asiolewe. Kisha sentensi ya mwisho: "Mjane ameridhia." Pembeni yake palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa bluu.

Dole gumba! Mwanamke aliyeiandikia kwaya nzima nyimbo zake!

"Mwalimu," aliniambia, "mimi hata sikuitwa. Niliambiwa tu nipike."

Huyo kaka mkubwa ni mzee wa kanisa kama mimi. Ni mtu ambaye bahasha yake ya ahadi haikuwahi kuchelewa, anayefundisha vijana wa kipaimara, na ndiye aliyenikimbiza hospitali usiku ule wa mguu bila kuniuliza habari ya mafuta. Nayataja haya kwa makusudi. Mdhalimu wa kwenye mahubiri huwa hana sura, hana watoto wanaokuamkia shikamoo njiani. Huyu wa kwetu alikuwa na vyote hivyo, na kabla ya miezi miwili kupita alikuwa ameshachukua malipo ya awali kwa mtu wa mjini aliyelitaka lile bonde.

Mjane alileta shauri lake kanisani kwanza, na nililifurahia hilo. Majibu aliyopewa nilikuwa nayajua kwa moyo, kwa sababu na mimi nilishawapa wengine. Mwachie Mungu. Kisasi ni cha Bwana. Mungu ni mume wa wajane. Ila safari hii, mwenye kuyapokea akiwa amekaa mbele yangu na karatasi ya dole gumba mkononi, nilirudi nyumbani nikafungua Warumi 12 nikaisoma polepole. Paulo anakataza kisasi. Mjane hakutaka kisasi. Hakutaka shemeji afungwe, wala alaaniwe, wala aanguke. Alitaka bonde lake. Sisi ndio tulioweka mambo mawili kwenye kapu moja, na aliyefaidika na kapu hilo ni mwenye nguvu.

Kisha likaja lile la Wakorintho: iweje Mkristo amshitaki Mkristo mwenzake mbele ya wasioamini? Mchungaji wetu aliliamini hilo kwa dhati, na sikumwona mnafiki. Lakini mlango uleule unamuuliza msomaji swali ambalo watu hulipita haraka: je, hakuna hata mmoja kati yenu mwenye hekima ya kuamua kati ya ndugu zake? Paulo alitegemea kanisa liamue. Kumzuia mtu asiende mahakamani huku wewe mwenyewe hutaki kuamua ni kumfungia mjane milango miwili kwa ufunguo mmoja. Na Paulo huyohuyo, walipompiga Filipi bila hukumu kisha wakataka kumtoa kimyakimya, aligoma. Akasema waje wenyewe wamtoe. Alipoona Yerusalemu hakuna haki, alikata rufaa kwa Kaisari. Hata Bwana Yesu, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakugeuza shavu la pili kimya. Alimuuliza aliyempiga: kama nimesema vema, wanipigia nini?

Basi tukafuata Mathayo 18, hatua kwa hatua. Mchungaji alikwenda kwa yule mzee mwenzetu peke yake. Akarudi mikono mitupu. Tukaenda watatu. Alitupokea vizuri, akatuletea chai na ndizi mbivu, akatusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Wazee wangu, haya ni mambo ya ukoo. Kanisa lisiingilie."

Mahakamani asishitakiwe kwa kuwa yeye ni Mkristo. Kanisani asiulizwe kwa kuwa ni mambo ya ukoo. Nilipomwambia hivyo, alitabasamu, akafungua Biblia yake mwenyewe, iliyochakaa kwa kusomwa, akatusomea habari za Nabothi. Mfalme Ahabu alitaka shamba la mizabibu, Nabothi akakataa: urithi wa baba zake hauachi. "Mimi ndiye Nabothi," akasema. "Nalinda ardhi ya baba zangu isiende kwa mgeni."

Kusema kweli alitunyamazisha. Tulikuwa njiani tunateremka ndipo nikapata la kujibu, na kwa kuwa ni kawaida yangu kupata jibu nikiwa njiani, nilirudi. Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, Nabothi alikataa kuuza, na wewe umeshapokea fedha ya mtu wa mjini. Pili, endelea kusoma. Shamba la Nabothi halikuchukuliwa kwa jeshi. Lilichukuliwa kwa barua, na mashahidi wawili wa uongo, na kikao cha wazee wa mji wake waliojua kila kitu wakafanya kama walivyoandikiwa. Ahabu alikaa kwake amenuna. Yezebeli aliandika. Waliofanya kazi yote ni majirani wa Nabothi, watu wa heshima. Mimi sikusudii kuwa mmoja wao.

Hapo alikasirika kwa mara ya kwanza.

Nieleze kidogo mambo ya sheria, maana Wakristo wengi niliozungumza nao hawayajui, na kutokujua huko ndiko dhuluma inakolala usingizi mzuri. Kuna binti mmoja msaidizi wa kisheria kwenye kata jirani, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alikuja kwa pikipiki, akala chakula, akatufungua macho. Katika nchi hii, alisema, mirathi ya mtu inaweza kwenda kwa sheria za mila, au za Kiislamu, au kwa ile sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865 tuliyorithi kwa Waingereza. Mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani. Kwa hiyo sheria ya 1865, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwa kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, mjane hana fungu lake katika mali ya mumewe. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Nilimuuliza, sasa huyu marehemu wetu, aliyebatizwa, akaoa kanisani, akatoa zaka, akazikwa na mchungaji, ni wa sheria ipi? Akasema, hilo ndilo swali zuri, na mara nyingi hakuna anayeliuliza. Watu huwa Wakristo mpaka kaburini. Jeneza likishafunikwa udongo wanakuwa wa ukoo tena.

Akatueleza pia kwamba Kagera yetu ina historia katika hili. Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akadai mwanamke hana haki hiyo. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya, naye akasema kanuni ya mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba. Halafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayobatilisha kanuni au uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ya kijiji. Lakini zile kanuni za 1963 hazikufutwa. Wajane wawili wa Kitanzania walifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema nchi yetu imevunja ahadi zake. Nilikaa najiuliza ni mahubiri mangapi nimeyasikia juu ya mjane na senti zake mbili katika miaka hiyo yote, na kama kuna hata moja lililomtaja mjane na kibanja chake.

Shemeji alikuwa ameshafungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo kwa kile kikaratasi. Mjane akaweka pingamizi. Njia ya kwenda juu na ile sheria ya 1865 ilikuwepo, maana Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka nayo. Lakini huko juu ni mbali, nauli ni nyingi, na watoto walikuwa shule. Akachagua kupigania pale karibu hoja mbili rahisi: kikao kilikuwa cha kughushi, na bonde halikuwa la ukoo kamwe.

Hoja ya pili ilinihitaji mimi. Karatasi ya mauziano haikuonekana. Marehemu alikuwa na sanduku la bati la nyaraka, na sanduku hilo lilipotea wiki ya msiba. Muuzaji alishafariki. Shahidi mmoja wa siku ile alikuwa amehamia Geita na hakutaka kuhusika. Nilibaki mimi.

Wakaanza kuja watu. Wengine kwa wema: Mwalimu, umeshazeeka, kwa nini ujitafutie maadui? Wengine walinikumbusha ule usiku wa mguu na gari. Na mama mmoja wa uamsho, mtu ninayemheshimu sana, aliniletea amri ya nane. Sisi Walutheri tunaijua kwa maelezo yake kutoka Katekisimo Ndogo ya Luther: usimshuhudie jirani yako uongo, maana yake tusimsengenye wala kumharibia jina, bali tumtetee na kuyafasiri mambo yake yote kwa wema. "Yule naye ni jirani yako," akaniambia.

Alikuwa sahihi, na neno lake lilinisaidia kuliko alivyokusudia. Maana niliichukua ile Katekisimo nikasoma na nyingine. Amri ya saba haiishii kwenye kutokuiba. Inadai nimsaidie jirani kuilinda mali yake. Na ya tisa, ambayo shemeji huyu ameifundisha kwa vijana wa kipaimara mwaka hadi mwaka, inakataza kuutaka urithi au nyumba ya jirani kwa hila, na kujipatia kwa kisingizio cha haki. Kisingizio cha haki! Luther aliandika hayo mwaka 1529, hajawahi kuona muhtasari wa kikao cha ukoo.

Ila amri ya nane ndiyo iliyonitengeneza kuwa shahidi. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitaka kusema mengi. Nilikuwa na hakika moyoni ni nani aliyechukua lile sanduku. Usiku wa kuamkia siku ya shauri nilichukua karatasi, nikaigawa kwa mstari katikati: upande mmoja niliyoyaona kwa macho, upande wa pili ninayoyadhani. Sanduku likaangukia upande wa pili. Bei nayo, nilikuwa nimeisahau. Ule upande wa pili niliuacha nyumbani.

Mahakama yenyewe ni chumba kimoja chenye mabenchi na feni isiyozunguka. Nikaapishwa kwa Biblia. Hakimu alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu, na hakuonyesha upande wowote. Aliniuliza mipaka ya bonde, nikaitaja: mfereji, mti wa mwembe wa jirani, mstari wa milamula tulioupanda siku ile, jiwe kubwa. Aliniuliza nani alitoa fedha. Nikasema mke, kutoka kwenye pindo la kanga, mume akiwa amesimama pembeni ameshika kofia.

Shemeji akapewa nafasi ya kuniuliza.

"Mwalimu, unaikumbuka bei?"

"Siikumbuki."

Watu wakaguna nyuma.

"Unakumbuka pindo la kanga, bei hukumbuki?"

"Fedha sikuhesabu mimi. Karatasi niliandika mimi, na kiasi walinitajia nikaandika. Miaka ni mingi. Pindo niliona."

"Una ugomvi na mimi?"

"Sina. Ulinipeleka hospitali, na nikiulizwa hilo nalo nitalisema."

"Sanduku la karatasi unasema nani alichukua?"

Hapo nilihisi jasho. Lilikuwa swali la mtego, na jibu nililolitamani lilikuwa limefika ulimini. "Sikuona," nikasema. Hakimu akaandika. Nadhani ni jibu hilo, la kutokujua, lililofanya mengine yaaminike. Mmoja wa wazee wa baraza wanaokaa na hakimu aliinua macho akanitazama kwa mara ya kwanza.

Kisha mjane akapewa karatasi na kalamu, akaambiwa aandike jina lake na sentensi moja yoyote. Aliandika mstari wa wimbo. Karatasi ikawekwa karibu na ile yenye dole gumba, na baba mdogo aliyekuwa amelazwa Mwanza akasimama kwa fimbo yake akasema siku ya kikao alikuwa kitandani, na ana karatasi za hospitali. Huyo ndiye ninayemhesabu shujaa. Mimi ni jirani tu. Yeye alisema kweli dhidi ya mtoto wa kaka yake, mbele ya ukoo ambao ndio utakaomzika.

Uamuzi ulipotoka, ombi la shemeji lilikataliwa. Mjane na huyo baba mdogo wakateuliwa kuwa wasimamizi wa mirathi kwa pamoja, na bonde likaonekana kuwa ni la mjane na marehemu, nje ya mali ya ukoo. Shemeji alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya zile siku 30. Akashindwa. Lakini kati ya hapo kahawa ya msimu mzima ilichumwa na watu wasiojulikana, mtoto mkubwa wa mjane akakaa nyumbani muhula mmoja kwa kukosa mchango wa shule, na milamula ya mpaka iling'olewa usiku. Haki ilipatikana ikiwa imechelewa na imepungukiwa. Wanaotuhubiria kwamba Mungu hujibu kwa wakati wake waje wamweleze yule kijana kuhusu muhula ule.

Na mimi? Nilipunguziwa salamu. Harusi tatu kubwa za ukoo ule sikualikwa, ambayo kwa umri wangu ni nafuu. Kilichoniuma ni meza ya Bwana. Shemeji aliendelea kushiriki, akipiga magoti mita mbili kutoka kwangu, bonde likiwa bado mikononi mwake wakati rufaa inaendelea. Nilimuuliza mchungaji kama hilo ni sawa. Nikamkumbusha Budapest: makanisa mazima yalisimamishwa kwa sababu ya dhuluma, sisi tunashindwa na mtu mmoja? Akasema, "Mama, Zakayo alirudisha baada ya Yesu kuingia kwake kula, sio kabla." Tukabishana mpaka chai ikapoa. Bado hatujaelewana. Mimi naona uamsho wa zamani, ule wa akina baba zetu, ulijua kwamba mtu akitubu anarudisha ng'ombe kwa mwenyewe. Mtu alisimama mbele ya kusanyiko akataja alichoiba na siku ile akakipeleka. Yeye anaona nikishika ufunguo wa meza ya Bwana nitaanza kuwapima watu kwa rula ya mwalimu. Huenda kila mmoja wetu ana nusu.

Yule mzee mwenzangu alikuja kwangu mara moja baada ya rufaa, jioni, akakaa barazani. Hakuomba msamaha. Alisema baba yao alimwachia wosia wa mdomo kwamba ardhi isitawanyike, naye alikuwa amelibeba hilo tangu ujana. Nilimwamini. Mtu anaweza kubeba wosia wa baba yake kwa moyo mweupe na bado akaweka dole gumba la uongo kwenye karatasi. Nilimkaribisha ugali na dagaa, akala.

Baraza la wazee wa usharika limekubali jambo moja dogo, baada ya vikao vingi kuliko lilivyostahili. Msiba ukitokea, pamoja na mchele na maharage, wazee wawili wanakwenda kwa mjane au yatima wiki ya kwanza. Wanamsaidia kuorodhesha mali na kuweka nyaraka mahali salama, wanachukua nakala kutoka kitabu cha ndoa cha usharika, na wanamweleza kwamba ukoo hauwezi kukaa kikao cha mirathi yeye akiwa jikoni. Akina baba wachache walipinga, wakasema tunaleta ugomvi katika nyumba za watu. Mweka hazina alitaka kujua fungu la nauli litatoka wapi. Likatolewa kwenye sadaka ya diakonia, ile ya kuhudumia wahitaji.

Mwezi uliopita binamu yangu alifariki. Ameacha mke, watoto wanne na kibanja kizuri kinachopakana na chetu, na wanaosema kibanja hicho ni cha ukoo ni kaka zangu mwenyewe, watoto wa mwinjilisti, tuliosikiliza pamoja redio ile. Mkubwa amenipigia simu kunikumbusha kwamba damu ni nzito. Kikao ni Jumamosi saa nne. Nimemwambia nitakuja na wifi yetu tutakaa benchi moja, na muhtasari nitauandika mimi.